Mdomo Unaotangulia

Mama Kaunta hakuwahi kumpa mtu glasi iliyojaa, na haikuwa uchoyo. Kila alichokitengeneza kwa mkono wake alikionja kwanza mbele ya macho yako, akafuta ukingo wa glasi kwa kitambaa cheupe alichokiweka begani, akakugeuzia upande ambao midomo yake haikugusa, ndipo akakupa. Huku kwetu, Karagwe hadi Kyerwa, hilo si ajabu. Anayekukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, hunywa funda la kwanza yeye mwenyewe ili ujue hakuna kitu ndani. Lakini wengi huonja rubisi tu, basi. Mama Kaunta alionja hata chai. Alionja hata maji ya kumezea dawa.

Kaunta yake ilikuwa ndani ya gesti moja pale Nkwenda, upande wa barabara inayokwenda mpakani. Mimi nilifika pale mara ya kwanza nikiwa mbeba magunia ya kahawa. Shule niliiachia Kanoni, darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya misimu miwili. Nimechimba bati, nimeuza mitumba Isingiro, nimelala juu ya ndizi kwenye malori ya watu. Kila nikipita Nkwenda nilisimama kwake. Siku ile ya kwanza niliagiza chai ya rangi, nikaona mama mfupi, mpana wa mabega, anainywa.

"Mama, hiyo si chai yangu?"

"Ni yako."

"Sasa mbona unainywa?"

Watu wawili waliokaa karibu na mlango wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kuanzia nywele hadi vidole.

"Wewe umezaliwa kwenye lori?" akaniuliza. "Nyumbani kwenu mama yako hakukufundisha? Mkono ukitoa, mdomo utangulie. Kunywa, mzururaji."

Jina likabaki hilo. Kwa miaka zaidi ya kumi sikumsikia akinitaja kwa jina langu, ingawa alilijua, kwa sababu mara mbili nilipougua malaria pale gesti ni yeye aliyeniandikisha zahanati.

Nyuma ya kaunta alivaa viatu vya kanisani. Vyeusi, vya kufunga kamba, amevipiga kiwi hadi vinang'aa, wakati mteja aliyesimama mbele hawezi kuona chochote chini ya kiuno chake. Nilimuuliza sababu. Mimi ni mtu wa kuuliza, na nadhani ndiyo maana alinivumilia, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kujibu.

"Miguu yangu inaviona," alisema.

Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu kulikuwa na wazee wa kanisa walioona si vizuri mwenye kaunta ya pombe akae mbele. Hakubishana nao. Aliimba sauti ya pili kutoka huko huko nyuma, kwa nguvu kiasi kwamba kwaya ilibidi imfuate. Siku moja nilimuuliza kwa utani kama humwambia hata mchungaji aonje divai kwanza.

"Anaonja," alisema, bila utani. "Mchungaji wetu hutangulia kunywa yeye. Siku akianza kunywa mwisho nitamuuliza mbele ya watu."

Aliuza pombe na aliichukia. Siku zile, kwenye pombe, alikuwa akilowesha midomo tu. Ukiangalia glasi baada ya yeye kuonja, ilikuwa imepungua upana wa uzi tu. Mtu akifika glasi ya tatu alianza kusema hamsikii. Ukimwita mara nne anapanga chupa. Ukimpigia meza anakuletea maji. Aliwatukana walevi mbele ya wenzao, akawauliza kama wake zao wanajua walipo, kisha asubuhi unamkuta amebeba uji kwenye chupa ya chai anaupeleka nyumbani kwa yule yule aliyemfukuza jana. Na alikuwa mwongo kwenye mambo madogo. Friji lake bovu, lililonguruma kama nguruwe mwitu, alimwambia kila mgeni kuwa limenunuliwa mwezi uliopita.

Kwenye kuonja, hata hivyo, hakuwa na utani na mtu. Dada yake wa tumbo moja alikuja Krismasi moja kutoka Isingiro na kibuyu cha rubisi. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, amechoka, vumbi hadi kwenye kope. Akaingia, akapiga goti, akampa Mama Kaunta kibuyu bila kukinywea. Mama Kaunta akakishika, akasubiri. Dada hakuelewa. Mama Kaunta akakirudisha mikononi mwake, akasema, "Asante, waitu, dada yangu, nenda nacho." Yule dada aliondoka analia, na hawakusemezana hadi kahawa zikaiva.

Nilimuuliza kama kweli alidhani dada yake angemwekea kitu.

"Hata kidogo."

"Sasa?"

"Siku mtu akitaka kuniua, mzururaji, hatapitia kwa adui yangu. Nitashtuka. Atapitia kwa mtu ninayempenda, ambaye nimezoea kupokea kwake bila kuangalia. Kwa hiyo sizoei."

Maneno hayo yaliniingia kuliko nilivyotaka. Nilianza kufanya kama yeye popote nilipokwenda. Kwenye machimbo wenzangu walininunia kwa sababu nilishika kikombe na kukitazama hadi mwenye kunipa anywe. Mara moja nilimpelekea yeye soda, nikaifungua mbele yake, nikanywa funda, nikafuta mdomo wa chupa kwa shati, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili. "Sasa umekua," alisema. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia cheti chochote, ingawa vyeti vyenyewe sina.

Kiangazi kimoja walikuja watu wa kuchimba visima vya maji, na miongoni mwao alikuwamo Mkorea, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye adabu ya kuchosha. Alipanga chumba pale gesti kwa miezi mitatu. Kiangazi cha huku si cha joto kali, lakini kina vumbi. Barabara inageuka unga mwekundu, kahawa zimeanikwa kila uwanja, wanunuzi wamejaa, na kila mtu ana koo kavu. Mkorea alijaribu rubisi siku ya kwanza, akakohoa hadi machozi.

Mama Kaunta akamhurumia, akamtengenezea mohito. Alikuwa amejifunza kuitengeneza zamani akifanya kazi kwenye hoteli moja Mwanza: nanaa iliyopondwa, ndimu, sukari, pombe ya miwa, barafu, soda isiyo na rangi wala utamu. Pale Nkwenda hakuna aliyeitaka. Walisema inanuka dawa ya minyoo. Mkorea aliinywa yote, akaomba ya pili, kisha akaenda chumbani akarudi na chupa ndogo yenye maji mazito ya rangi ya asali.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alieleza kwa mikono. Kwao kuna tunda bichi, la kijani, chachu. Mama yake hulipanga kwenye mtungi wa kioo pamoja na sukari ya uzito ule ule, safu kwa safu, hulifunika, huliacha siku mia. Tunda hunyauka na maji yake yote hutoka. Ukiweka maji hayo kwenye kinywaji cha kiangazi badala ya sukari, moyo unapoa.

"Onja kwanza," Mama Kaunta akamwambia.

Mkorea akamimina kidogo kwenye glasi, akaishika kwa mikono miwili, akageuza uso kabisa kuelekea ukutani, akafunika mdomo kwa kiganja, akanywa.

Kaunta nzima ilimkodolea macho. Mimi nilikuwepo, nimeketi juu ya kreti.

"Geuka huku," Mama Kaunta akasema. "Meza nikuone."

Ilichukua muda kueleweshana. Kumbe kwao mdogo hanywi akimtazama mkubwa. Hugeuka pembeni kwa heshima. Mama Kaunta alipolielewa hilo alicheka hadi akakaa chini, na mimi sijawahi kumwona akicheka vile kabla wala baada.

"Yaani kwenu heshima ni kuficha," alisema akijifuta macho, "na kwetu heshima ni kuonyesha. Mungu ana kazi."

Wakapatana. Mkorea akawa anageuka anakunywa kwa adabu ya kwao, kisha anamgeukia Mama Kaunta na kufungua kinywa wazi, kama mtoto aliyenyweshwa dawa, ili aonyeshe kuwa amemeza.

Tunda lile la kijani huku halipo. Walijaribu mapapai machanga, yakaoza. Walijaribu ndizi, mtungi ukapasuka wakati wa ibada ya asubuhi na wageni wakatoka vyumbani wakidhani ni bomu. Mwishowe ikawa entuntunu, vile vitunda vya njano vilivyojifunga kwenye karatasi yao, ambavyo tulivila sana utotoni pembezoni mwa mashamba ya kahawa. Vina uchachu na utamu pamoja. Mama Kaunta akavipanga na sukari kwenye mtungi mpana, akaufunga kwa kitambaa, na nyuma ya mlango wa stoo akaanza kuchora mistari kwa mkaa, mmoja kwa kila siku.

Mkorea aliondoka kwenye mstari wa sitini na kitu. Visima vilikuwa vimekwisha. Hakuwahi kuonja. Mama Kaunta alimwekea sehemu yake kwenye chupa yake ile ile ndogo, ikakaa rafu ya juu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Kinywaji chenyewe kilitulia kiangazi kilichofuata. Nanaa ilikuwa imekauka bustanini, akaweka mjaja, majani yale ambayo bibi zetu huchemshia chai, yenye harufu inayokaa kati ya ndimu na karafuu. Aliyaponda mara mbili tu kwa mchi mdogo wa mbao. Ukiyaponda sana, alisema, yanakasirika, yanakuwa machungu. Nusu ya ndimu. Vijiko viwili vya maji ya mtungi na vitunda vitatu vilivyonyauka. Pombe nyeupe ya dukani kutoka kwenye chupa yenye lakiri, aliyoifungua mbele yako, kwa sababu gongo hakuiruhusu hata ipite mlangoni. Barafu aliivunja ndani ya kitambaa kwa mgongo wa panga. Soda mwisho, taratibu. Watu wakakiita Kikorea.

Jirani yake, mzee mwenye duka la nafaka na sukari, ambaye babu zake walitoka pwani, aliletewa Kikorea chake kila alasiri bila pombe. Alikuwa mtu wa msikitini na Kiswahili chake kilitunyoosha sote. Hata hicho kisicho na kitu Mama Kaunta alikionja.

"Bibi wee," mzee alimwambia siku moja, "sukari umenunua kwangu, ndimu umenunua kwangu. Ukinionjea mimi unanisuta."

"Ndimu ni zako, mzee wangu. Mkono ni wangu."

"Haya. Lete kabla barafu haijawa historia."

Sikuweza kujua ni lini hasa Mama Kaunta alianza kugeuka. Nadhani ilikuwa kiangazi cha tatu cha Kikorea. Wateja wa rika lake na walio wadogo kwake aliwaonjea akiwatazama, kama siku zote. Lakini akija mzee, mtu ambaye yeye mwanamke angempigia goti, niliona anageuza uso kidogo kuelekea rafu anapoonja. Nilimtania kwamba Mkorea amemwachia ugonjwa.

"Nimekipenda," alisema. "Kina adabu yake. Mtu mzima kwa nini atazame koo langu?"

Ilikuwa siku ya mnada. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Akaja dalali wa kahawa, mzee aliyeheshimika, mtu wa umri wa baba yake, akaagiza Kikorea. Mama Kaunta akakitengeneza, akapiga goti kumsalimia, akasimama, akageuka kuelekea rafu na glasi mkononi, akageuka tena akampa kwa mikono miwili. Mzee akanywa, akasifu, akaenda zake. Jioni ile ile akiwa nyumbani kwake akaanguka. Mdomo ulikwenda upande mmoja, mkono wa kulia ukafa, maneno yakakata.

Hospitali walisema ni kiharusi, presha ilikuwa juu kwa miaka na hakumeza vidonge. Wanawe walisikiliza, wakashukuru, wakatoka nje wakasema amelishwa sumu. Na kila aliyekuwepo siku ile akakumbuka jambo moja kuhusu Mama Kaunta. Aligeuka.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao uwanjani nyuma ya gesti, chini ya turubai la kuanikia kahawa. Mama Kaunta alisimama na viatu vyake vya kanisani. Akasema aliionja ile glasi. Mwana mkubwa wa dalali akauliza nani alimwona. Wakatazamana. Wengi walikuwa nje, wengine walikuwa wakipiga kelele na bei. Mtu akanionyesha mimi kwa kidole, kwamba nilikuwa nimekaa palepale, kwenye kreti, ninavyokaa siku zote.

"Wewe," mwenyekiti akasema. "Uliona akinywa?"

Nilisimama. Nilikuwa nimemwona akigeuka. Nilikuwa nimeona kiwiko kikipanda. Koo sikuliona, lilikuwa upande wa rafu. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba alikunywa, kwa kuwa asingeweza kutokunywa. Lakini swali lilikuwa niliona nini.

"Niliona akigeuka," nikasema.

"Sijauliza hilo. Uliona akimeza?"

"Sikuona."

Uwanja ulitoa sauti kama ya gunia likitupwa chini. Mama Kaunta hakunitazama. Alimwomba mzee wa duka aende ndani alete mtungi, glasi, na kila kitu. Akatengeneza Kikorea pale pale, mbele ya wote. Akainua glasi juu ya uso wake, akainywa yote hadi barafu ikampiga meno, yeye ambaye kwa miaka yote alilowesha midomo tu. Kisha akafungua kinywa, akazunguka polepole ili kila upande uone, kama Mkorea alivyokuwa akimfanyia yeye.

"Kuanzia leo," alisema, "mtaniona."

Kikao kikaisha hivyo, bila hukumu. Hakuna aliyeomba radhi. Jioni nilikwenda kaunta na maneno yangu yamejaa mdomoni, akaniwekea chai, akaionja.

"Ulisema ulichokiona," aliniambia. "Mtu asiseme asichokiona. Kunywa."

Nilikunywa. Kesho yake nikadandia lori.

Yaliyofuata nimeyakusanya kwa kupita na kwa kuuliza. Wateja walirudi kidogo kidogo, lakini si kama zamani. Waliagiza huku wakimtazama. Kulowesha midomo hakukutosha tena; mtu alisukuma glasi mbele na kusema, "Mama, sijaona." Kwa hiyo akawa anakunywa funda zima, uso mbele, koo wazi. Kipimo cha kidole kimoja kutoka kila glasi. Ukiwa na wateja arobaini siku ya mnada, hivyo ni vidole arobaini. Mara mbili nilipita na kumkuta macho yake mekundu, anapanga chupa zilizokwisha kupangwa. Mzee wa duka alimshauri aache Kikorea, auze bia na soda tu, vitu vya kufungua kizibo.

"Nikiacha," alimjibu, "watasema kumbe."

Yule dalali yupo hadi leo. Maneno yalimrudia nusu, anatembea kwa mkongojo. Akipita mbele ya gesti anavuka barabara.

Nilirudi Nkwenda kiangazi kilichopita baada ya kukaa miaka miwili upande wa Uganda. Nilianzia dukani kwa mzee. Tukasalimiana, akaniuliza habari za huko, kisha akapunguza sauti ingawa duka lilikuwa tupu.

"Unakwenda kwa bibi?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Basi sikiliza. Ini limechoka, na sukari imepanda. Daktari amemwambia hata tone lisipite. Kidogo tu, amemwambia, na utarudi hapa kwa machela. Amekubali. Mwezi wa pili sasa anauza vinywaji vya chupa tu, anafungua mbele ya mteja. Wateja wamepungua sana. Wanasema mama ameacha kuonja kwa sababu anayo sababu." Akafunga mfuko wa sukari, akaufungua tena. "Wewe wanakufahamu. Ndiye uliyesema siku ile. Ukikaa pale ukanywa kitu cha mkono wake, wakuone, litamsaidia kuliko dawa."

Nikamwambia nitafanya hivyo. Nilimaanisha. Nilitembea hatua zile thelathini hadi gesti nikiwa na furaha kama mtu aliyepata nafasi ya kurudisha kitu alichovunja.

Alikuwa ameketi kwenye stuli nyuma ya kaunta. Mwili wote ulikuwa umekwisha isipokuwa tumbo na miguu. Nilipoegemea mbele kumsalimia niliiona miguu, imevimba, iko ndani ya kandambili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mzururaji. Viatu hivyo umemvua nani?"

"Nimenunua."

"Kumbe Uganda kuna miujiza."

Kwenye meza ya mlangoni walikaa wanunuzi watatu wa kahawa, watu wa makamo, kila mmoja na soda yake. Walinijua. Mmoja alininyooshea kidevu. Mtungi wa entuntunu ulikuwepo mahali pake, umejaa hadi shingoni, na chupa ndogo ya Mkorea rafu ya juu, imeshika vumbi.

"Nikutengenezee Kikorea," alisema. Hakuuliza.

"Nitengenezee."

Alisimama kwa kushika kaunta. Alikuwa na kitita kidogo cha mjaja ndani ya kikombe cha maji, akayachuma majani, akayaponda mara mbili. Ndimu. Akachovya vijiko viwili vya mtungi, akachagua vitunda vitatu kama anachagua kwa ajili ya harusi. Akafungua chupa yenye lakiri, ikalia, na wale watatu wakageuka kutazama. Barafu. Soda akaimimina polepole, ameinamisha glasi. Harufu ya mjaja ikanifikia, na nikasahau miaka yote.

Glasi ilijaa hadi juu. Sikuwahi kuona glasi yake imejaa. Akaisukuma mbele yangu kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Daktari amenikataza," alisema kwa sauti ya chini, yangu peke yangu. "Wewe utakunywa tu."

Nilijua. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, na hakuna mtu katika wilaya zote mbili niliyemwamini kuliko yeye. Na mkono wangu ulibaki juu ya kaunta. Haukuwa woga, naapa haukuwa woga. Ulikuwa mkono wa mtu aliyefundishwa, uliosubiri mdomo utangulie kama ulivyosubiri kwa miaka yote, kwake na kwa kila mtu, kwa sababu yeye ndiye aliyeufundisha. Sijui ilikuwa muda gani. Pengine muda wa kuvuta pumzi moja. Friji lilinguruma. Nyuma yangu kiti kimoja kililia.

Akauona mkono. Kisha akaniona mimi.

Kabla sijasema lolote aliichukua glasi, akainyanyua uso ukiwa mbele, macho yake kwenye macho yangu, akanywa kidole kizima. Nililiona koo likipanda na kushuka. Akafuta ukingo kwa kitambaa, akanigeuzia upande safi.

"Kunywa, mzururaji."

Niliichukua kwa mikono miwili. Nikageuka kuelekea ukutani, nikafunika mdomo kwa kiganja, nikainywa yote bila kupumua. Sikuweza kunywa nikimtazama.

Nilipogeuka tena mmoja wa wale watatu alikuwa amesimama.

"Mama," alisema kwa sauti ya ukarimu, kama mtu anayeleta habari njema, "na sisi tutengenezee. Tatu."

"Nitaonja mimi," nikasema. "Mama haruhusiwi. Mimi nitawaonjea zote."

Wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya.

"Wewe umetengeneza?" akauliza aliyesimama. "Si tumemwona ameonja sasa hivi? Mbona kwako imewezekana?"

Nikamtazama Mama Kaunta. Alikuwa tayari amezipanga glasi tatu, anazifuta moja moja, na uso wake haukuwa na hasira wala huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Mjaja uliobaki unatosha moja," aliniambia. "Nenda nyuma ukanichumie. Usiuchume wote, uache uchipue."

Nikaenda. Bustani ilikuwa kavu, mjaja umebaki kwenye kona moja karibu na bomba, chini ya vumbi. Nilichuma jani moja moja. Niliyaosha, nikayaosha tena. Nilitaka yasitoshe.

Nilipoingia ndani, wale watatu walikuwa wamesogea kwenye kaunta na mmoja alishaikamata glasi ya kwanza. Ilikuwa imepungua kidole kimoja. Mama Kaunta akanyoosha mkono kupokea majani.